Jawabu Nililompa Bi Mahbouba

Mimi mtu wa hasira, wanangu wanajua, na siku hizi hasira zenyewe nazimalizia kwenye nafsi yangu.

Mwaka 1982, hapa Ibra, huku Uarabuni, Shukriya, mjukuu wa jirani yangu Bi Ghaniya, alikuja kuposwa. Kijana mtu wa Sur, jina lake Nadhir, na mtoto wa watu alikuwa anampenda, asikwambie mtu. Keshashona mpaka nguo. Kama ilivyo ada, mama wa kijana, Bi Mahbouba, akapita kwa majirani kuulizia asili. Kwangu akaja mahsusi, maana mimi na Bi Ghaniya tumekaa mlango kwa mlango tangu Unguja.

"Dada Turkiya," akaniambia, "nasikia bibi yake huyu Myahudi wa Aden. Kweli?"

Kweli. Katika zile fujo za Aden za 1947 kina Bi Ghaniya walichomewa nyumba, babake akauawa. Marehemu mumewe, Mwarabu wa hapahapa Ibra, akamwoa, akamleta Unguja. Akasilimu; kusali anasali, kufunga anafunga. Lakini mwaka ule redio ilikuwa kutwa Beirut, maiti za Wapalestina, na roho zilituchoma, haki yetu. Sasa hasira umpelekee nani? Wayahudi wenye vifaru hawafikiki. Bi Ghaniya yupo, anaanika ndimu zake uani. Watu wakaacha kuitikia salamu zake.

Na mimi ndiye ninayemjua. Mapinduzi yalipotufika Unguja, alinificha na wanangu siku tatu uvunguni mwa kitanda chake. Wenye bunduki walipogonga, alisimama mlangoni akawaambia, "Mimi Myahudi. Humu hamna Mwarabu." Wakaenda zao.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni. Lakini bibi yangu mzaa mama Mnyamwezi, na tangu tufike huku tunasemwa kwa rangi na kwa lugha yetu. Siku ile jicho halikuniangukia mimi. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, Mungu anisamehe.

Nikamwambia Bi Mahbouba, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Kawaulizeni wenyewe."

Kwetu mtu akiulizwa habari za posa hatukani. Anayewataka watu mema husema, mchukueni, mmepata. Ukisema kawaulizeni wenyewe, umeshamaliza. Bi Mahbouba alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Akanywa kahawa yake, akaaga, na wiki haikwisha wakaivunja posa.

Bi Ghaniya akanijia asubuhi. Hakulia wala hakunigombeza, bora angenigombeza. "Kule Aden waliotuchoma walikuwa watu wa mbali," akasema. "Majirani zetu walifunga madirisha tu." Kisha akasema, "Shukriya hajui bado. Kamwambie wewe. Mimi nimechoka kuwaeleza watoto."

Nikaenda, ningefanyaje? Nikamkuta Shukriya anapiga pasi. Akaniamkia, "Shikamoo, Bi Turkiya," akanibusu mkono, anacheka, akidhani nimeleta siku ya harusi. Nikamwambia wameghairi.

Akakaa chini.

"Nani kasema nini?" akaniuliza.

"Hakuna aliyesema kitu, mwanangu," nikamjibu.

Na hapo sikumdanganya.