Zima, Ungoje Kelele

Katika kampuni ya mitandao ya Pradip Narsey pale Suva, mji mkuu wa Fiji, kompyuta ambayo hakuna aliyejua kazi yake ilikuwa haiulizwi maswali. Ilizimwa, kisha watu wakangoja. Kama kuna anayeitumia, atapiga kelele. Asipopiga, basi haina mwenyewe, itupwe. Ni dawa ya wavivu, lakini mafundi waliiamini kuliko dawa nyingine zote.

Jumatatu asubuhi Makereta alikabidhiwa mashine kuukuu iliyokuwa ikinguruma kwenye kona ya chumba cha mitambo. Aliyeiunda alikwishahamia Brisbane, na hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Makereta akaizima, akarudi kitini na raha ya mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Simu ya wateja ililia mara mbili tu, na mara zote ni mtu aliyesahau nywila yake.

"Unasikia?" Makereta alimwambia Sakiusa wa meza ya pili. "Hata paka hajalia."

Sakiusa alikuwa mtu wa Lau, visiwa vya mbali mashariki, na watu wa kwao na wa kwao Makereta walitaniana tangu zamani, kwa hiyo hakuacha neno lipite bure. "Nyie kwenu mtu akikatika ukucha kijiji kizima hakilali," alisema. "Sisi Lau, ukitukanyaga mguu, tunakuomba radhi wewe."

"Ndiyo maana mnakanyagwa kila siku."

"Tutaacha kukanyagwa vipi, na miguu yenu hiyo kama mashua!"

Alhamisi saa saba mchana bosi akapita akitafuna roti. "Makereta, siku tatu zinatosha. Tia sahihi hapa, gari la vyuma chakavu linakuja saa tisa."

"Sawa, bosi."

Makereta akaiweka karatasi mezani, akaenda kwanza kuchomoa nyaya. Wa umeme ukatoka, wa mtandao ukatoka. Wa tatu, mnene, ulipanda ukutani ukapenya dari. Makereta akaufuata kwa ngazi mpaka juu ya paa. Uliishia kwenye antena ya redio, kutu tupu, iliyoelekezwa mashariki, baharini.

Alisimama pale jua likimchoma utosi. Wanaotumia redio ni wale ambao simu haiwafikii. Wangepiga kelele kwa njia gani, na mashine hii ndiyo mdomo wao? Kwa siku tatu alikuwa amewaziba mdomo huku akifurahia ukimya wao. Akaona haya.

Akashuka mbio, akarudisha nyaya, akaiwasha. Mashine ikasuasua dakika nne nzima. Kisha ujumbe uliokuwa umekwama huko ng'ambo ukaanza kuingia mmoja mmoja, wote kutoka zahanati ya kisiwa kimoja huko Lau.

Wa Jumatatu: "Bohari ya Dawa, naomba insulini ya wagonjwa watatu, ije na meli ya Alhamisi. Muuguzi Asenaca."

Wa Jumatano: "Naomba kujua kama mmepata."

Wa asubuhi ile: "Samahani kwa usumbufu. Nadhani redio yetu ndiyo mbovu. Tutagawana iliyobaki mpaka meli ya mwezi ujao."

Sakiusa alisoma akiwa nyuma ya bega lake. Hakutania. "Meli inang'oa nanga saa kumi," alisema, akanyakua funguo za gari la bosi.

Makereta aliipigia bohari yeye mwenyewe, akasema kosa ni lake, hakuficha kitu. Kisha akangoja, na kungoja huku hakukuwa na raha yoyote. Saa kumi kasoro dakika ishirini Sakiusa akapiga simu kutoka bandarini: kasha la barafu liko melini, amemkabidhi nahodha mkononi. Gari la vyuma chakavu lilikuwa limekwisharudishwa tupu.

Ndipo Makereta akaiandikia zahanati kupitia mashine ile: "Redio yenu ni nzima. Ni mimi niliyeizima mashine huku. Dawa ziko njiani. Nisameheni. Makereta."

Jibu halikukawia. "Asante sana, binti. Utuwie radhi kwa kukusumbua."

Makereta aliusoma mara mbili, akatamani wangemtukana.