Aliyeitaja Radi ya Lac Vert

Sijawahi kutuma radi. Naanza na hilo, maana kule Mabanga, mtaa wetu wa Goma, hata wauza makaa walianza kunikwepa.

Naitwa Kambere. Nilikuwa nasoma picha za satelaiti kwenye uwanja wa ndege. Vita vilipoufunga uwanja niliendelea nyumbani, kwa simu na mega za intaneti za kununua, kwa sababu mawingu hayakufungwa. Kila robo saa picha mpya huingia. Wingu la radi huwa refu, kilele chake ni baridi kali, na kwenye picha hupakwa rangi nyekundu. Likinenepa mchana juu ya milima ya Masisi, najua litakuwa ziwani kabla ya saa nzima kupita.

Ukimwambia mtu wa Goma kwamba leo kuna mvua, atakucheka, maana hunyesha karibu kila siku. Kwa hiyo nikajifunza kutaja mahali na saa. Nilijivunia hilo, nakiri.

Mukamurenzi, mjane anayelima maharage Lac Vert, pembeni mwa mji, ndiye aliyewasambazia wenzake wa shambani ujumbe wangu. Mwezi wa tatu nilimtumia ujumbe wa sauti: "Mama, saa munane radi itafika Lac Vert. Mutoke mu shamba, muingie mu kanisa." Wakatoka. Kanisa lile ni la mbao na mabati, halina chuma cha kukinga radi, nami nilijua. Niliona ni afadhali kuliko shamba wazi. Saa nane na dakika tano radi ililipiga. Igihozo, binti wa Mukamurenzi, alikuwa ameegemea nguzo.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini kwetu radi haiji yenyewe, hutumwa na mtu. Na ni nani mwingine aliyetaja mahali, saa, hata jengo?

Nilikwenda matangani na picha zangu ili nijisafishe. Nikamwonyesha Byiringiro, kaka wa marehemu, lile doa jekundu na njia liliyopita. Akaligusa doa kwa kidole.

"Kumbe ulikuwa unamuangalia toka kule juu," akasema.

Mjinga mimi. Nilikuwa nimewapelekea ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mke wangu Emerance aliniapisha nisimtumie tena mtu yeyote neno la hali ya hewa. Nikatii miezi miwili. Nilikaa na chai yangu nikitazama mawingu yakipita juu ya watu ninaowajua, na adhabu hiyo simtakii hata Byiringiro.

Alhamisi iliyopita, saa saba na nusu mchana, doa likatokea juu ya mji wa Sake, kubwa kuliko lile la kwanza, likielekea Lac Vert. Nikaandika ujumbe. Nikaufuta. Mara simu ikalia, alikuwa Mukamurenzi. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka.

"Papa Kambere, mbingu inakuwa nyeusi. Uniambie tu. Leo umechagula nani?"

Nilitaka kumweleza upya habari za joto na unyevu. Ingekuwa kupoteza dakika. Mama huyu aliamini kwamba mimi ndiye ninayeamua, na ningesema sijui, angebaki pale na jembe lake. Emerance alisimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Ni weye," nikasema. "Weye na bote bako mu shamba. Mupande mu taksi kule mu barabara, mufunge milango, musishuke mupaka mufike Goma."

Nikasikia jembe likianguka juu ya mawe, kisha mbio.

Radi ilipasua mkaratusi pembeni mwa shamba. Hakufa mtu. Nilipopata habari nililia kwa furaha, nikiwa nimeziba mdomo kwa shati.

Kabla jua halijatua sauti ya Mukamurenzi ilikuwa katika kila simu ya Mabanga. "Amekubali kwa kinywa yake. Alitaka kutumaliza bote." Nikaisikiliza mara mbili. Ilikuwa sauti ya mtu aliye hai, mzima wa afya, na mwishoni alikuwa akiwaelekeza vijana nyumba yangu ilipo.

Emerance hakunilaumu. Alikuwa ameshafunga godoro kwa kamba.