Nafasi ya Penseli

Baada ya mazoezi ya Jumapili, Mwalimu Ferdinand alikusanya karatasi za nyimbo, akazipanga juu ya kinanda, akasema kwa upole kwamba afadhali waje waimbaji wa mjini. Kanisa jipya la kigango cha Kibimba lilikuwa linatabarukiwa Jumapili inayofuata, askofu mwenyewe akiwepo, na Paroko alishasema wazi: ikifika Alhamisi kwaya ya hapa haijawa tayari, kwaya ya mjini ndiyo itakayoimba misa nzima. Watu waliofyatua yale matofali na kubeba mchanga vichwani kutoka mtoni wangekaa kwenye mabenchi kusikiliza wageni wakiimba ndani ya nyumba yao.

Jovina, wa sauti ya pili, aliinamisha uso. Yeye ndiye aliyezichapa zile karatasi.

Kwaya ya Kibimba ilikuwa na desturi yake. Maneno ya wimbo yalichapwa, kisha Mwalimu Ferdinand akakaa na penseli na kuandika nota juu ya kila mstari, do na re na mi, kila sauti na karatasi zake. Nota hazikuchapwa kwa sababu hazikukaa zilivyo. Akisikia besi wanalegea, alifuta kwa raba na kuandika nyingine papo hapo, huku waimbaji wakimsubiri. Pasipokuwa na nafasi ya penseli kati ya mstari na mstari, kwaya ilibaki na maneno matupu.

Jovina alisomea uhazili chuoni, na sasa alikuwa akifanya kazi kwenye stationari ya Wiston, Ngara mjini. Pale kila mtu alitanua mistari kwa njia moja tu, ya kupiga Enta mara mbili, na Wiston ndiye aliyewafundisha. Kwa barua fupi ilitosha. Kwa wimbo wa beti sita ilikuwa balaa, kwa maana kompyuta yenyewe iliacha pengo kila Enta ilipopigwa. Enta mbili zilizaa mapengo mawili, na beti za mwisho zikatupwa ukurasa mwingine.

Jovina aliujua ubaya huo. Wimbo wa kuingia aliutengeneza ipasavyo: akaondoa yale mapengo, akatanua mistari iwe moja na nusu, wimbo ukatoka wa kupendeza. Lakini kila alipofungua karatasi mpya kwa wimbo mwingine, kompyuta ilirudi kwenye mazoea yake kama mtu aliyesahau alichoambiwa jana. Wateja walikuwa wamepanga foleni, umeme unakatika na kurudi. Wimbo wa matoleo ukatoka umebanana, penseli haina pa kupita. Wa komunyo ukamwagika kurasa mbili. Kwenye mazoezi besi walikuwa wameshafika ubeti wa tano wakati sauti ya kwanza bado inafunua ukurasa. Mama Eustakia, aliyeongoza sauti ya kwanza tangu Jovina hajazaliwa, alishusha karatasi yake.

"Mwanangu, chuoni ulifundishwa kuchapa au kupoteza watu porini?"

Watu walicheka. Jovina naye alicheka kidogo, macho yakimwasha.

Wenzake walipoondoka alibaki akikunja kanzu za kwaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Mwisho alimsogelea Mwalimu, akaomba kwa sauti ndogo asipeleke habari kwa Paroko kabla ya Jumatano. Mwalimu akakubali.

Njia nzima ya kwenda kazini Jumatatu aliliwaza jambo moja. Tatizo halikuwa nyimbo, lilikuwa jinsi kompyuta inavyoanza. Chuoni waliwahi kuonyeshwa kitufe kidogo chini ya dirisha la kupanga aya, cha kuiambia mashine kwamba nafasi hii ndiyo ya kuanzia siku zote. Ila stationari ile ilikuwa na sheria: mipangilio haiguswi. Kibarua mmoja aliwahi kuichezea, na barua za watu za kuomba kazi zikatoka zimelala ubavu wiki nzima.

Jovina hakuwahi kumwomba Wiston hata ruhusa ya kwenda kunywa chai. Asubuhi yote aliyapanga maneno kichwani, na kila alipofungua mdomo aliingia mteja. Mchana, stationari ilipotulia, aliyasema huku akiwa ameitazama kibodi.

"Kaka Wiston, naomba kubadilisha mpangilio wa mistari. Nataka kila karatasi mpya ifunguke ikiwa imeshatanuka."

Wiston aliacha kubana karatasi. "Na mikataba ya watu iliyomo humo?"

"Ya zamani inabaki ilivyo. Zinabadilika karatasi mpya tu. Ikikukera, naurudisha."

"Kumbe unaongea," Wiston alisema. "Haya, badilisha. Lakini nasimama hapa hapa."

Akasimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Jovina alifungua dirisha la aya. Pengo la juu ya aya akaliweka sifuri, la chini sifuri, nafasi ya mistari moja na nusu. Kisha akabonyeza kile kitufe cha chini. Kompyuta ikamuuliza kama anataka iwe hivyo kwa karatasi hii peke yake au kwa zote mpya. Alisoma swali mara mbili, akachagua zote, akakubali.

Wiston, ambaye hakuamini kitu chochote kabla hakijazimwa na kuwashwa, aliagiza izimwe. Ikazimwa, ikawashwa. Jovina alifungua karatasi mpya nyeupe, akachapa mstari wa kwanza wa wimbo wa matoleo, akapiga Enta moja, akachapa wa pili. Mistari ilikaa mbalimbali kwa utulivu, na kati yake pakabaki pale palipotakiwa kubaki. Wiston alichomoa penseli sikioni, akailaza kwenye kioo cha kompyuta kupima. Ilienea. Akarudi kwenye karatasi zake akitabasamu.

Jovina alichapa nyimbo zote upya. Kila karatasi mpya aliyofungua ilifunguka vilevile, na kila wimbo ukaishia kwenye ukurasa wake.

Jumatano Mwalimu Ferdinand alipokea karatasi, akailowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika. Aliandika hadi waimbaji wakaanza kupiga miayo. Kisha akainua mikono, wakaimba wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kusimama, na Mama Eustakia akasema, "Tena, turudie," hata kabla Mwalimu hajasema. Alhamisi Paroko alisimama mlangoni akasikiliza wimbo mmoja. Alipotoka alikuwa akipiga simu mjini kuwaambia waimbaji wa huko waje kama wageni tu.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Kwenye wimbo wa shukrani, sauti nne zilipanda pamoja, zikashuka pamoja, na kwenye ubeti wa sita akina mama waliokosa nafasi wakapiga vigelegele madirishani. Besi walitikisa mabenchi. Jasho lilimtiririka Mwalimu Ferdinand, naye hakujifuta. Kati ya waimbaji wa sauti ya pili Jovina alisikia sauti moja iliyozidi nyingine zote, kubwa na safi, akageuka kidogo kutafuta ni nani anayeimba hivyo. Ilikuwa yake. Akaiacha iendelee kupanda.