Maji Hayakuomba Kibali

Mwanga ulitangulia jua. Bondeni Kimisagara, ukungu ukiwa bado umelalia mabati, cheche za buluu zilipasuka kwenye kibanda cha Libère, zikazima, zikapasuka tena. Na Kagabo, akinawa uso mlangoni pake ng'ambo ya mfereji, akajua kumekucha. Jogoo wa nini? Libère alikuwepo.

Siku hizi kunakucha kwa mazoea tu.

Mikono ile. Mikono ya Libère, aliyezaliwa Bujumbura ukimbizini, akarudi kwao na Kiswahili chake na gitaa lake. Asubuhi inachomelea milango, mchana inanyoa ndevu za wazee, jioni inageuza mishikaki, na Jumapili inapiga gitaa kanisani hadi watakatifu ukutani wanatamani kutikisa mabega. Kilichovunjika bondeni kilipita kwake, kikatoka kizima. Mama aliyeibiwa mlango alikuja mikono mitupu akaondoka na mlango. "Utanilipa mbuzi wako akizaa," Libère alimwambia. Mama hana mbuzi, na Libère anajua hana.

Alipokufa Nyiraneza, mke wa Kagabo, ni mikono ile iliyomchomelea msalaba, na pembeni yake ua dogo la chuma, kwa sababu Nyiraneza alipenda maua. Kagabo akauliza bei. Libère akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Muzee, hiyo si kazi. Huyo alikuwa jirani yangu."

Na Cécile. Ee, Cécile wake. Mguu mmoja mfupi tangu utoto, anatembea na gongo, na kila mvua inyeshapo mume anambeba mgongoni kumvusha juu ya ubao ule uliooza, ubao uliolala juu ya mfereji kama ulimi wa mgonjwa. Watu hawakuacha kumtania.

"Libère, ulioa ama ulinunua gunia?"

"Gunia la sukari," anajibu. "Nyinyi bebeni viazi vyenu."

Cécile anasema unaniaibisha, huku mikono yake inazidi kumkaza shingo.

Ndipo akamjengea daraja. Vyuma vya mabaki, kipande kwa kipande, na vya kushikilia huku na huku, kimo cha Cécile, si cha mtu mwingine. Siku ile Cécile alivuka peke yake. Alifika katikati, akasimama, akayatazama maji chini yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyemkuta adui kafungwa kamba.

Wakubwa wakaja. Viatu vyao havikuwa na tope. Wakasema daraja halina kibali. Wakasema subirini, mradi unakuja, daraja la saruji, zuri, lenye taa. Wakalikata miguu, wakalipakia garini, wakalilaza kwenye nyasi uani mwa ofisi yao. Ubao uliooza wakauacha palepale. Ubao hakuna aliyeujenga, basi hakuna wa kumkemea.

Kagabo hakusoma sana, shule ilimwacha mapema. Lakini hilo alilisoma, herufi kwa herufi.

Mvua ikaja. Maji hayakuomba kibali.

Walikuwa wanatoka kwaya. Libère akamvusha mkewe mgongoni, akamtua, akamfunga kitenge vizuri mabegani. Gongo likawa limesahaulika ng'ambo.

"Acha, sheri, mpenzi wangu. Kesho," Cécile akasema.

"Kesho utaamka utembelee nini?"

Akarudi. Ubao ukakatika. Maji yakachukua mkono wa kinyozi na mkono wa gitaa, mkono wa milango na mkono wa msalaba. Gongo likabaki limeegemea ukuta, linangoja.

Kwenye kilio wakubwa walileta maneno. Ni kazi ya Mungu, walisema. Kagabo akatema mate pembeni. Mungu hakung'oa daraja. Mungu hana gari la kubebea vyuma.

Majirani wakaota moto na mjane hadi siku ya kumaliza kilio. Hiyo ndiyo siku ya kumsema marehemu, na Cécile alitaka Kagabo aseme. Akasimama. Akavua kofia, akaivaa tena. Akakaa.

"Basi usiseme, muzee," Cécile akamwambia taratibu. "Kesho ni umuganda."

Wote wakaelewa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi bonde zima hutoka kufanya kazi ya pamoja, na asiyetoka huulizwa. Basi wakatoka. Wakapanda kilima hadi uani kwa wakubwa, wakalitoa daraja kwenye nyasi, wakalibeba mabegani kama walivyolibeba jeneza, ila hili lilikuwa linarudi nyumbani.

"Nani amewatuma?" mkubwa akauliza, simu mkononi.

"Leo ni umuganda, bosi," Kagabo akajibu bila kusimama. "Tunafanya kazi. Shika huku, iko nzito."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. Bosi hakushika. Wala hakuzuia.

Wakalilaza juu ya mfereji. Lakini miguu imekatwa, nani ataiunga? Macho yakageukia kibanda kilichofungwa. Mlango ukafunguka, akatoka Cécile na kinyago cha kuchomelea cha mumewe, kikubwa kuliko uso wake. Usiku, mishikaki ikiisha, mlango ulipofungwa na kicheko cha wawili kusikika ndani, kumbe alikuwa anafundishwa kuchomelea. Akaketi chini, akaukunja mguu mfupi, akakigusa chuma.

Na mwanga wa buluu ukapasuka bondeni. Ukazima. Ukapasuka tena.

Kagabo alisimama mlangoni pake, akakataa kugeuza macho. Yakamwuma. Yakatoka maji, na maji hayo nayo hayakuomba kibali.