Kitambaa cha Unga Mkali

...na mkwaruzo wenyewe ulikuwa mmoja tu, mwembamba kama unywele, lakini kwenye bomba la aloi ngumu namna ile mmoja unatosha, bomba linatupwa, na msimamizi alikuwa amelielekeza dirishani, jicho moja amelifumba, "Hiki nini, mzee?" anamuuliza mtu wa mvi anayemaliza majaribio ya kazi wiki hii, na Fundi Kioo, walivyomwita kwa jinsi mabomba yake yalivyong'aa, mzee huyo shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, akahisi kitambaa kikimchoma mfukoni, kitambaa cha unga mkali wa kusugulia chuma, ndicho alichofutia bomba lile kabla ya unga laini, badala ya kile cha laini, chembe moja ikabaki, ikachora, yeye! yeye aliyehangaika miezi na mwendo wa mashine na kiasi cha mafuta mpaka kazi ya asubuhi nzima ikaisha kabla ya chai, yeye aliyebandika ukutani KILA UNGA NA KITAMBAA CHAKE, aliyemfokea mama wa ghala kwa kuvitundika msumari mmoja, mkuki kwa nguruwe... "Nani aliyelifuta?" msimamizi tena, sema, sema basi, anajiambia, lakini kesho wageni wanakuja kujifunza njia yake, watacheka, na mkewe jana jikoni, "Mwangalie kaka yangu, mume wangu, ndiye aliyenisomesha," naye akajibu kifua mbele, huyo niachie mimi... "Huenda ni mimi, mkuu," shemeji akasema taratibu, huenda! hata hakuligusa, alikuwa upande wa pili anachanganya mafuta, kisha akainua macho akamtazama, si kwa hasira, laiti ingekuwa hasira, alimtazama kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyejikojolea, na Fundi Kioo akaelewa, shemeji aliona, aliona kitambaa kikitoka kwenye msumari usio wake, akanyamaza, anamsitiri, Mungu wangu, mtu anaacha kibarua chake kiote nyasi ili sifa za mwenzake zisichubuke... aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka, si aibu ya mkwaruzo tena, mkwaruzo humpata yeyote, ni ya kusimama pale akisitiriwa na mtu asiye na kitu, naye kimya... kidole kikashika pindo la kitambaa, kitatoka, kitawekwa mezani mbele ya wote, wacheke mpaka wachoke, na kesho wageni waonyeshwe hicho pia, na msimamizi bado jicho moja amelifumba, bado analigeuza bomba kwenye mwanga, hajalishusha.