Flashi ya Mjomba Sharifu

Rahma hakuwa na mchezo na kompyuta yake ya chuo. Kila likizo aliifungasha kwenye khanga, akaitia ndani ya kiroba cha machungwa, na vibaka wa stendi ya Mombo wakampita bila kuigundua. Nyumbani Lushoto aliifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akauvaa shingoni.

Ndipo akaja mjomba Sharifu na flashi yake yenye picha za harusi, flashi iliyokwisha kuchomekwa kwenye kila kompyuta ya mjini.

"Mjomba, hiyo ina virusi."

"Unamwambia mjomba wako ana ugonjwa?" mama akafoka. "Fungua sanduku!"

Rahma akafungua, roho ikimuuma. Walitazama picha mpaka wakachoka. Asubuhi ripoti ya utafiti wake, kazi ya mwaka mzima, haikufunguka. Kila faili lilikuwa tupu.

Mchana mjomba akarudi, flashi mkononi. Rahma akaendelea kufunga sanduku lake, hakumwamkia.

"Shikamoo yako iko wapi?" mama akang'aka. "Chuo ndiko walikokufundisha kiburi?"

"Mwache," mjomba akasema, akijivuta kitini. "Msomi huyo. Sisi washamba tu."

Hapo Rahma akapiga goti, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeona sasa, heshima haigharimu kitu?"

"Nimeona. Vibaka wote wa Mombo wameshindwa kuniibia. Wewe nimekufungulia kwa ufunguo wangu mwenyewe."