Tangi la Kushoto

Usiku wa jana niliota, na kabla mtu hajaanza kunitazama kwa jicho la huruma, niseme kwamba nililala mapema, nimekula ugali mdogo kwa mboga, na sikuwa na homa.

Kwanza nieleze habari ya gari, maana bila gari ndoto yenyewe haieleweki.

Nina gari la Kiingereza, refu, la kijani kinachokaribia weusi, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao inayong'aa. Likipita hapa Iringa mjini watu hugeuza shingo, na mgeni hudhani ndani amekaa balozi. Hajui kwamba nililipata kwa bei ya pikipiki kutoka kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kuliona tena. Kulinunua gari la namna hii si kazi. Kazi ni kuwa nalo. Leo linavuja oili, kesho taa moja imegoma, keshokutwa dirisha limeshuka na halipandi. Fundi Kikoti amelifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua kabati langu la nguo, na kila akinipigia simu hutumia sauti ya daktari.

Jambo moja la ajabu ni kwamba lina matangi mawili ya petroli, moja kila upande kule nyuma, na kwenye dashibodi kuna kitufe cha kuhama kutoka tangi moja kwenda jingine. Kitufe chenyewe kiko karibu zaidi na abiria. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi hiyo ilikuwa ya mke wangu, Atuganile. Tukiwa njiani anatupa jicho kwenye mshale wa petroli, anasema, "Nahamisha," anabonyeza, anaendelea kumenya chungwa lake.

Mara ya mwisho tulipokwenda sheli, alishuka na kusimamia mwenyewe hadi tangi la kushoto likajaa. Akaniambia, "Baba Tusekile, hili usiliguse. Hili la kwenda kwa mama Tukuyu." Siku chache baadaye akaugua, na hakupona. Safari haikufanyika.

Tangi sikuligusa. Nimekuwa nikitumia la kulia tu, sokoni na kanisani, peke yangu. Kikoti huniambia petroli iliyokaa inaharibika na tangi lisilotumika linaoza. Mimi humwambia asante.

Sasa binti yetu Tusekile, aliyeko Mwanza, amenishika masikio kwenye simu muda mrefu. "Baba, hilo gari linakula kuliko wewe. Liuze upumzike." Nikakubali, maana mtu mmoja hana haja ya viti vitano. Mnunuzi akapatikana, bwana mmoja muuza mahindi wa Makambako, aitwaye Luvanda, na tukapatana kwamba aje leo asubuhi kulichukua.

Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Katika ndoto ni mchana, jua limewaka, nami nafuta vumbi kwenye boneti. Mara nasikia mtu anagonga kule nyuma ya gari, kwa ndani.

"Hodi."

"Nani?"

"Tangi la kushoto."

"Sema."

"Kesho tunaondoka?"

"Nyinyi mnaondoka. Mimi nabaki."

"Na huu mzigo niliobeba?"

"Hiyo ni petroli," nikasema.

"Petroli anayo mwenzangu wa kulia. Mimi nimebeba safari. Mama alinijaza akasema ni ya kwenda Tukuyu. Huyo Luvanda anakaa wapi?"

"Makambako."

Tangi likafikiri. Kisha likasema kwa adabu kabisa, "Basi mama ataishia Makambako."

Maneno hayo yalinichoma. Makambako ni mji wa upepo, na Atuganile hakuupenda hata kidogo, alikuwa akisema upepo wake unaingia mpaka kwenye meno. Kumwacha mke wangu pale, katikati ya magunia ya mtu nisiyemfahamu, nisingeweza. Nikatupa kitambaa, nikaingia garini, nikabonyeza kitufe.

Kitufe kikanisukuma kidole nje.

"Hii siyo kazi yako," kikasema.

"Ni kazi ya nani?"

"Ya anayekaa upande ule."

"Hayupo."

"Basi na mimi sipo," kikasema, na kikazama ndani ya mbao hadi kwenye kichwa.

Nikawasha gari kwa tangi la kulia nikaenda kumtafuta. Barabara ilitoka uani ikaingia kwenye korido ya nyumba yangu, jambo ambalo halikunishangaza. Karibu na mlango wa bafu alisimama trafiki, sare nyeupe imepigwa pasi vizuri. Akanyoosha mkono nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leseni."

Nikampa. Ilikuwa kipande cha sabuni. Akaigeuza, akalinganisha na uso wangu, akanirudishia.

"Gari hili ni la watu wangapi?"

"Watano."

"Naona mmoja."

"Ndiyo."

"Mzee, umepakia pungufu." Alisema kwa masikitiko, kama mtu ambaye kazi yake haimpendezi. "Wengine wako wapi?"

"Mmoja yuko Mwanza, ameolewa. Wawili Mungu hakutujalia. Mmoja amefariki."

"Huyo aliyefariki alikuwa anakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti cha kushoto. Akainama akakitazama kwa muda, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kiti kitupu kina uzito, mzee. Kinalivuta gari upande mmoja. Wengi wamepinduka hivi hivi, kwenye tambarare. Nenda ukakaguliwe."

Ukaguzi ulikuwa sebuleni kwangu. Fundi Kikoti alikuwa amelala chali chini ya meza ya chakula, miguu imetokeza. Gari liliambiwa lisubiri kwenye kochi, likakaa likasubiri. Aliyepandishwa juu ya meza ni mimi.

Kikoti akanimulika kwa tochi kutoka chini, akagonga magoti yangu kwa spana, akaguna.

"Mzee, huvuji."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri wapi! Hilo gari lako linavuja kila mahali, ndiyo maana liko hai. Wewe tangu msiba hata tone. Uliwagawia watu chai, ukawasindikiza wote hadi barabarani, ukarudi ukafunga mlango. Sasa huko ndani kumejaa."

"Nifanye nini?"

"Tafuta abiria. Tena abiria wa kweli, usiniletee gunia la viazi."

Sijui alijuaje. Ni kweli kwamba mwezi uliopita, nikitoka sokoni, niliweka gunia la viazi kwenye kiti kile na kulifunga mkanda. Nilifanya hivyo kwa sababu za usalama. Njiani tuliongea kidogo.

Nikashuka mezani, nikaliita gari, likaja. Mlango wa sebule ulipofunguka, nje ilikuwa sheli, ile ile, na Atuganile amesimama kando ya pampu. Amevaa kitenge chake cha safari, kikapu mkononi, kilemba amekifunga kwa kukaza kama afanyavyo akiwa na haraka.

Nilitaka kushuka, lakini yeye tayari amefungua mlango anaingia.

"Umechelewa, Baba Tusekile."

"Nilikuwa napasha injini moto."

"Muda wote huo?"

"Ni ya Kiingereza."

Hilo akalikubali. Akapangusa kiti kwa kiganja, akakaa, akanusa.

"Humu mnanuka viazi. Ulimpakia nani?"

"Viazi."

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikirudi kutoka dukani na kitu ambacho sikutumwa. Halafu akafunga mkanda, akanyoosha kidole. "Nahamisha," akasema. Kitufe kikatoka mbio kwenye mbao kumpokea.

Tunakwenda. Mafinga inapita, na misonobari imejipanga kandokando ya barabara ikitupungia. Injini inanguruma kwa upole ambao sijausikia siku nyingi. Makambako inakuja, upepo unajaribu kuingia, Atuganile anapandisha dirisha lisilopandaga, nalo linapanda bila neno. Upepo unabaki nje unatuangalia.

"Unakula?" ananiuliza.

"Nakula."

"Nini?"

"Chai."

"Chai siyo chakula."

"Na mkate."

Anamenya chungwa, ananipa nusu. Nakula huku naendesha, na maji yake yanashuka mpaka kwenye kiwiko.

"Na nyumba ikoje?" anauliza.

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba nyumba ina mlio wa friji tu, kwamba kila asubuhi nachemsha chai ya watu wawili kisha namwaga ya mmoja, kwamba jioni nawasha redio siyo nisikilize habari bali pawepo na mtu anayesema. Nikamwambia, "Nina upweke, Mama Tusekile. Nina upweke sana."

"Najua," akasema. "Mpaka unaongea na matangi."

Tangi likakohoa kule nyuma. "Samahani kwa kuingilia," likasema. "Imebaki nusu."

Nikapunguza mwendo. Tunapita Igawa kwa mwendo wa baiskeli. Tunapita Uyole kwa mwendo wa mtu anayetembea, na akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani wanatupita, wanatusalimia, wanapotelea mbele. Kuku na vifaranga wake wanatupita. Tangi likasema robo. Nikapunguza tena, mpaka migomba iliyoota kando ya barabara ikaanza kutupita, mmoja mmoja, kwa heshima.

Trafiki alikuwa ananisubiri kwenye kona.

"Mzee, unaendesha chini ya kiwango."

"Nabana mafuta, afande."

"Mafuta au abiria?"

Atuganile ndiye aliyejibu, tena hakumjibu yeye, alinijibu mimi. Aliweka mkono juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye gia, mkono mkavu wenye harufu ya chungwa, akasema, "Baba Tusekile, petroli hii niliiweka nifike. Sikuiweka nizungushwe."

Nikakanyaga mafuta na nikalia, vyote pamoja. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kilio ambacho pale msibani kila mtu alikuwa akikisubiri wakaondoka bila kukisikia. Waipa za gari zikawaka zenyewe, kwa upande wa ndani, zikajitahidi. Trafiki akasimamisha magari mengine yote ili tupite.

Tukuyu mvua inanyesha, kama kawaida yake. Barabara inazidi kuwa nyembamba, inakuwa njia, inakuwa uchochoro kati ya migomba, inaishia kwenye mlango wa jiko la mama mkwe wangu. Moshi unatoka chini ya mabati. Ndani mtu anakwaruza sufuria.

Atuganile akafungua mkanda. Mimi nikaanza kufungua wangu.

"Wewe usishuke."

"Kwa nini?"

"Ukishuka mama atataka ule. Ukila utakaa. Na wewe bado una mambo huko. Tusekile hujamtembelea hata mara moja, mjukuu anakujua kwa sauti tu."

"Na gari?"

"Mpe Luvanda. Ni gari tu, Baba Tusekile, tena lina makelele."

Akajifunika kitenge kichwani, akachukua kikapu chake, akashuka. Hakugeuka. Hajawahi kuwa mtu wa kugeuka, hata kituo cha basi alikuwa akipanda bila kutazama nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa nabaki napunga mkono kwenye vumbi. Akainama mlangoni kwa mama yake akaingia, na yule aliyekuwa anakwaruza sufuria akaacha.

"Mzigo umefika," likasema tangi la kushoto. Halikusema tena.

Nilikaa pale, mvua ikigonga juu ya paa, injini imezima. Kisha nikanyoosha mkono mwenyewe hadi kwenye kitufe. Nilidhani kitanifukuza. Kikakubali, taratibu, kama mtu anayekupisha kwenye benchi. Nikawasha, na honi ikalia bila kuguswa, ikalia tena, ikalia mfululizo.

Ilikuwa honi ya Luvanda, getini kwangu. Kumekucha, jua limeshapanda juu ya ukuta, nami niko kitandani na nguo za kulalia.

Nikavaa koti nikaenda kufungua. Luvanda ni mtu mnene, mchangamfu, wa kofia ya pama.

"Shikamoo, mzee. Nimegonga mpaka mkono umeuma, nikaona nitumie honi."

"Marahaba. Karibu."

Akalizunguka gari, akapiga matairi mateke, akasifia rangi. Akaomba tuliwashe tuzunguke mtaa mmoja asikie injini. Nikaingia upande wangu. Asubuhi za Iringa mnazijua, ngozi ya kiti ilikuwa baridi mpaka ikapenya kwenye koti. Luvanda akafungua mlango wa kushoto, akakaa, na papo hapo akainuka.

"Mzee, hapa pana joto."

"Wapi?"

"Kwenye kiti. Mtu ametoka kukaa hapa sasa hivi." Akaangalia siti ya nyuma, akageuka akaitazama nyumba, mapazia yakiwa bado yamefungwa. Akateremsha sauti. "Una mgeni, mzee? Isije ikawa nimemkimbiza mtu."

Nikaweka kiganja juu ya kiti kile. Luvanda alisimama nje akisubiri, akawa na ubinadamu wa kutosha asiniulize kitu, nami sikuondoa mkono mpaka joto lilipokwisha lote.

"Hujamkimbiza," nikamwambia. "Ameshafika kwao."

Nikashuka, nikampa ufunguo.